Jiwe lililopotea angani

Kijiji cha Yakobi, Jumatano, Januari 1938

Kosa ni langu. Jumapili, nje ya kanisa, niliwasomea majirani habari ya gazetini: jiwe kubwa limepita angani karibu na dunia. Nikaongeza la kwangu, kwamba litarudi.

Leo Mama Tulizo kaja kwa hasira. "Kamwene, Babu. Hilo jiwe lako linarudi lini? Mwanangu kaacha kujenga, anasema litambomolea."

Nikakiri kwamba wataalamu waliliona siku chache tu, hazitoshi kupiga hesabu ya njia yake. Wamelipoteza.

"Kumbe hata ninyi wasomi hamjui! Basi kesho anaezeka."

Nimefarijika. Ila kaka yangu tuliachana Manda wakati wa Maji Maji, nikamwona mgongo tu akiingia porini, na mpaka leo nawaambia wajukuu atakuja mwaka huu.