Prosesa Mpya, Prosesa Kuukuu na Udi wa Mama

Doha, Jumamosi, baada ya alasiri

Mdogo wangu Nuru,

Assalamu alaikum warahmatullah. Barua hii inakufikia kwa mkono wa Athman, mtoto wa ami yetu, anayekuja nyumbani kufunga Ramadhani na wazee. Ukimwona amekonda usimcheke, huku wanaume wanajipikia. Mimi mzima, alhamdulillahi, isipokuwa kikohozi kinachokuja na kuondoka kama mgeni asiyejua kuaga. Ninyi je? Magoti ya Mama yanasemaje na ngazi zetu zile? Na mumeo, bado yuko Kiunga kwa biashara yake ya samaki au amekumbuka kwamba ana mke?

Ukurasa huu wa kwanza msomee Mama kwa sauti. Mwambie nala, nasali kwa wakati, na nalala vizuri. Kikohozi kimetokana na kazi: nje jua linaunguza, ndani ya ukumbi wa seva baridi inakata. Navaa sweta mbili chini ya buibui, na wenzangu hunitania kwamba mimi hunenepa kila ninapoingia kazini na kukonda kila ninapotoka. Kazi yenyewe ni kung'oa mashine zilizochoka na kuweka mpya, kufunga nyaya, na kusikiliza feni ipi inalia vibaya. Mama akiuliza ni kazi gani hiyo ya kusikiliza feni, mwambie inalipwa.

Mwambie pia kwamba sijapata mkate wa mofa tangu nifike, na kwamba Halima, mwenzangu wa chumbani, ambaye ni Mzanzibari, anashikilia kuwa watu wa Lamu hatujui kupika pilau. Tunabishana kila Ijumaa, na kila Ijumaa ananipakulia, nami nala na ubishi wangu. Huyu dada amenifaa sana. Nilipougua ndiye aliyenikanda kwa maji ya moto na kunisomea dua, nikalia kwa sababu mikono yake ilikuwa kama ya Mama.

Ya Mama yameishia hapo. Yaliyobaki yasome peke yako, umefunga mlango. Sababu utaiona.

Umeniuliza kuhusu mashine. Seva uliyo nayo ni ile niliyoinunua ilipotolewa kazini kwetu, ikasafirishwa mpaka Mombasa, ikafika Lamu na kupandishwa mtaani juu ya punda, mumeo akienda nyuma na kumwombea punda asikohoe. Unasema sasa imekuwa nzito. Ukiipa video ya harusi moja uliyoipiga, uikate na kuibana iingie kwenye flashi ya bibi harusi, inavuma kutwa nzima na kazi haishi. Mfungo Mosi ukiingia, baada ya Idi, harusi zitafuatana, na umeshakubali kazi za watu. Na yuko bwana mmoja mwenye duka Mombasa aliyekwambia umpe seva hii kama ilivyo, uongeze kitu, akupe ya kizazi kipya. Atakuja mwenyewe Lamu kuichukua. Wataka kujua kama mpya ina thamani ya hicho utakachoongeza.

Nitakujibu kwanza kama fundi, kisha kama dada yako.

Kazini kwetu tunaondoa mashine za kizazi kile kile cha yako, na zinazoingia ni za kizazi kile anachokuuzia huyo bwana. Nikamwomba msimamizi ruhusa, nikaziweka mbili sambamba, ya zamani huku na mpya huku. Nilihitaji video ya kuzipa. Video ya kupambwa, shughuli ya wanawake watupu, nisingeweza kuitumia, ukumbi umejaa wanaume. Basi nilirekodi sufuria ya maharage ya Halima ikichemka, saa nzima, tangu povu la kwanza mpaka yalipoiva. Wenzangu walidhani baridi imenipanda kichwani. Nikazipa zote mbili maharage yale yale, na programu ile ile unayotumia wewe.

Mpya ilimaliza kwa kama theluthi ya muda wa ya zamani. Na kumbuka, yako ina prosesa mbili, hii ina moja tu. Moja ilizishinda mbili na haikutokwa jasho. Stima nayo inakula kidogo kuliko ya zamani, na kwa vile inamaliza mapema, tokeni zinapona mara mbili. Hayo ni kweli na siwezi kuyapinga kwa sababu ya mapenzi yangu kwa mashine niliyoituma mwenyewe.

Lakini yule bwana alikwambia mpya ni mara nane. Hakukudanganya, amenyamaza tu mahali pa kusema. Ndani ya kila prosesa mna viini vingi, na kila kiini hufanya kazi yake peke yake. Hiyo mara nane hupatikana ukiipa mashine kazi nyingi kwa mpigo. Wewe unaipa harusi moja. Ni kama shughuli ya pilau: ikiwa sufuria ni moja, ukileta wapishi ishirini, wengi wao watakaa kutazamana na kuuliza chai iko wapi. Jambo la pili ambalo hakukwambia ni kumbukumbu, ile RAM. Zile ulizo nazo sasa, tulizohangaika kuzitafuta, haziingii kwenye mashine mpya, hata tundu zake hazifanani. Itakubidi ununue nyingine, na siku hizi kumbukumbu si bei ya kuulizia ukiwa na njaa. Ukijumlisha yote, mpya ni nzuri, ila ni ghali kuliko alivyokutajia.

Sasa sikiliza kilichonikosesha raha. Ile ya zamani ya hapa kwetu, ndugu yake yako, prosesa ile ile, kumbukumbu kiasi kile kile, iliimaliza saa ile ya maharage kabla sijarudi kutoka kusali. Nikakutumia wewe video hiyo hiyo. Yako ilichukua kutwa. Mashine mbili za tumbo moja, moja inakimbia na moja inatambaa. Uzee hauwezi kuwa ndio sababu, kwani zina umri mmoja.

Ndiyo maana juzi nikakupigia simu ya video, nikakuomba unionyeshe chumba. Ukaizungusha simu, nikaona kila kitu kiko sawa, seva iko kwenye meza yake, imeachiwa nafasi nyuma. Ndipo Mama akaingia na chetezo cha udi mkononi. Unakumbuka? Aliizunguka mashine huku akisoma, na mimi nikamsikia akiikinga na macho ya mahasidi:

«Mato ya watu mabaya, mwanangu. Kitu kikivuma hivi, hakikosi wa kukitia mato.»

Nawe ukamjibu, «Amin, Mama,» ukamsogezea kiti asichoke.

Nuru, ule moshi haukupanda juu. Moshi wote uligeuka ukaingia kwenye mashine kama ulioitwa kwa jina. Feni zile zinavuta hewa mbele na kuitoa nyuma, na Mama alisimama mbele. Nilikaa nimeuma kidole, maana simu ilikuwa kwenye spika, Mama angesikia, na siwezi kumwambia kwamba dua yake inaiua seva. Ndiyo maana nimekuandikia.

Udi una mafuta. Ukichanganyika na chumvi ya hewa yetu na vumbi la chokaa la zile kuta, unaganda kwenye mapezi ya chuma yanayoipoza prosesa, kama ukoko wa wali chini ya sufuria. Joto likikosa pa kutokea, prosesa haifi. Ina akili, inapunguza mwendo yenyewe ili isiungue. Mama ameifukiza kila Alhamisi tangu ilipofika. Hapa kazini nimeona mashine za bei isiyosemeka zikichoka kwa vumbi la kawaida. Yako ndiyo ya kwanza kuchoshwa na baraka.

Athman ana kifurushi chako. Mna brashi laini, kitambaa, spiriti, na dawa nyeupe ya kupaka kati ya prosesa na chuma chake. Izime, chomoa waya, ungoje ipoe, ufungue na Mwanaisha, binamu yetu anayekusaidia kamera. Picha za kila hatua nitakutumia kwenye simu. Na Mama, tafadhali, usimwambie udi ndio uliofanya. Mwambie mashine ikifukizwa huzimwa kwanza na kufunikwa shuka safi, kwa adabu. Atapenda, na shuka ataichagua yeye.

Basi jibu la fundi ni hili: isafishe, na msimu huu utaumaliza na kuukuu yako. Kazi zikizidi, mwakani ununue mpya kwa sababu ya tokeni na kwa sababu ya muda wako, na hapo itakuwa na thamani. Ukinunua sasa bila kurekebisha udi, utakuwa na mashine mpya inayotambaa.

Sasa jibu la dada yako.

Hapa kampuni hununua pia mashine zilizotumika, kwa ajili ya vipuri. Mwezi uliopita ililetwa moja kutoka sokoni, na aliyeiuza hakutoa diski. Nilikuwa na mwenzangu mmoja, Mhindi wa Kerala, kijana mwenye heshima zake. Tulikuwa tunaijaribu prosesa tu. Tukaiwasha, ikaja folda moja, naye akaibonyeza ajue ni ya nini. Ikatokea video. Wanawake wanaimba, na katikati yao bibi harusi, nywele wazi, mikono imejaa hina, anacheka mpaka macho yamefumba. Sijui ni wa nchi gani. Niliweka kiganja changu kwenye kioo. Mwenzangu aligeuka upande mwingine upesi, akasema samahani, lakini alikuwa ameshaona. Nami nikaona aibu kana kwamba ni mimi niliyevuliwa.

Mwenye duka wako anasema atafuta kila kitu. Huenda ni mwaminifu, simjui, sitaki dhambi yake. Lakini kufuta kwa kawaida ni kung'oa kibao cha jina mlangoni, watu bado wamo ndani, na mwenye kujua hupiga hodi akawakuta. Kazini kwetu diski hazifutwi tu, husagwa mpaka zikawa vipande vya kushika kwa kibano. Diski zako zina kila kupambwa, kila ngoma ya vugo na ya lelemama ya nyumba ulizoingia tangu ulipoanza kazi. Ndiyo sababu hukutaka kuziweka video hizo kwenye mtandao wa watu. Usije ukazitoa kwa mlango wa nyuma.

Kwa hiyo, ukiamua kubadilisha, leo au mwakani, mpe kasha, mpe prosesa zote mbili, mpe kumbukumbu na hata nyaya. Diski zichomoe kwa mkono wako, uzitie kwenye sanduku la Mama. Akikataa kuichukua bila diski, mwache akatae. Na kama keshaichukua kabla ya Athman kufika, usinifiche. Nipigie saa hiyo hiyo, nitampigia mimi, na ikibidi nitaomba likizo nije nikae mlangoni kwake Mombasa.

Nisalimie Mama kwa kumbusu mkono, na shangazi yetu wa Kipungani, umwambie mkeka wake ndio ninaosalia. Mwanaisha mwambie mikono yake ni miwili, asinibebee mashine yote peke yake. Mumeo namsalimia kwa mbali, na asikaribie kioo cha mashine ukiwa kazini, hata kama anakuletea chai.

Salamu kubwa kuliko zote mpelekee Bi Khadija wa Mkomani, mama wa bibi harusi wako wa kwanza. Siku ile nilikuwa nyuma yako nimebeba taa. Kila mgeni alikuwa ameacha simu yake kwenye kapu pale mlangoni, nawe ukaja na kamera kubwa shingoni. Bi Khadija alikutazama, akakuuliza, «Weye u mwana wa nani?» Ukamtaja Mama, naye akakufungulia. Nuru, hakukuuliza una mashine gani.

Dada yako akupendaye,
Rukia