Tangazo la Kazi Yako

Kibondo, 2014

Mpendwa kaka,

Nimempata mtu wa kazi yako. Naanza na hilo kwa sababu najua ungeliuliza hilo kwanza, hata kabla ya kumuulizia mama.

Unakumbuka tulivyoanza shirika letu, wewe na mimi na meza moja, katika chumba cha nyuma ya duka la Bi Zuhura? Wewe ulikwenda kwa wafuga nyuki, mimi nilibaki na makaratasi. Mvua ikikunyeshea kwenye njia ya Kitahana, ulikuwa unaanika soksi dirishani, upande wanaopita wateja, na Bi Zuhura analalamika kuwa unamfukuzia watu. Mlinzi wetu alipochelewa hukumgombeza. Ulimwambia tu, "Nyuki hawana mkataba, lakini hawachelewi kazini." Akacheka, na kesho yake akawahi. Mimi niliyeitwa meneja sikuwahi kuweza hivyo.

Ile homa ilipokuchukua kwa siku nne, nilirudi ofisini hata wageni wa msiba hawajaisha nyumbani. Siku za kazi nilifanya kazi yangu, Jumamosi nilifanya yako. Wenzetu wawili waliobaki niliwabebesha vikundi vya wafuga nyuki vya Kagerankanda juu ya kazi zao, na mmoja alipoomba likizo nilimnyima. Aliacha tu kunisalimia kwa kirefu kama tunavyosalimiana sisi.

Mfadhili akaandika kwamba mwisho wa Juni ukifika nafasi yako haina mtu, itafutwa, na vikundi vitabaki hivyo hivyo. Nikaandika tangazo, nikalibandika sokoni. Walikuja watu wazuri, kaka. Kijana mmoja mwenye shahada nilimkataa kwa kuwa Kiha chake kilikuwa cha kubabaisha. Mama mmoja wa Kasulu alijua Kiha na alijua nyuki, nikasema hajui pikipiki. Wa tatu alijua vyote, nami nikaandika pembeni ya jina lake: si mcheshi. Bi Zuhura, ambaye sasa ni mwenyekiti wa bodi yetu, alisoma maneno hayo akavua miwani.

"Mwanangu," akaniuliza, "unaajiri au unaposa?"

Nilikasirika. Nikamjibu kuwa wafuga nyuki hawapokei mtu yeyote tu.

Zilipobaki wiki mbili akaja Yusta, binti wa Kagerankanda, ambaye wazazi wake walitoka Burundi yeye hajazaliwa. Alikuwa amelinakili tangazo kwa mkono kwenye karatasi ya daftari. Hakungoja mimi na Bi Zuhura tumuulize.

"Dada, hili nimelisoma mara nyingi," alisema. "Kazi naiweza. Lakini humu mmemwandika mtu. Yuko wapi?"

Nikaichukua karatasi yake. Kwa mwandiko wa mgeni ndipo nikayaona maneno yangu. Ajue Kiha cha wazee. Aweze kupanda mti wenye mzinga bila ngazi. Apatane na watu wakali. Asichoke kusalimia. Nilikuwa nimekutangaza wewe, kwa muhuri wa ofisi.

Nilimwambia umefariki. Yusta akainuka, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanipa pole, kisha akakaa kama watu wanavyokaa msibani. Nikalia mbele ya mtu niliyekuwa namsaili. Bi Zuhura alingoja nimalize.

"Matanga ya nyumbani tulianua," akasema taratibu. "Ya ofisini ndiyo leo."

Akachukua kalamu, akayafuta kwenye ile karatasi yote yaliyokuwa yako. Yakabaki matatu: kuwajua nyuki, kuvitembelea vikundi, kuandika taarifa. Yusta aliyaweza yote.

Pikipiki ameiangusha mara mbili uwanjani kabla ya kuizoea. Taarifa zake ni fupi, hazina vichekesho. Kitahana walimuuliza habari zako. Akawajibu kwamba yeye hakuwahi kukufahamu, amekuja kuona mizinga. Wakampeleka kwenye mizinga. Basi. Miezi yote ile niliiogopa siku hiyo, nayo ikapita hivyo tu. Yule mwenzetu nimempa likizo yake, na nimemwomba radhi.

Jumamosi iliyopita, kwa mara ya kwanza tangu tukuzike, sikwenda kazini. Nilikuja kaburini kwako na mama. Tuling'oa majani, nikakulilia hadi nikatosheka, bila kuwaza ni kikundi gani kinanisubiri. Tukarudi nyumbani tukala ugali wa muhogo na maharage, nikalala mchana ule usingizi mzito, hadi mama akaja kuniinamia aone kama napumua.

Pumzika, kaka. Nami nimeanza.

Mdogo wako