Moyo Niliousoma Dirishani

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Leo upepo umeamka mapema hapa Mandewa, na pazia la chumba chako linapanda na kushuka kama mtu anayepumua usingizini. Nimekaa kitandani kwako, pale pale nilipokuwa nakaa kila ulipotoka kazini hospitali na picha za eksirei zilizoharibika, ukaziegemeza kwenye kioo cha dirisha ili nizione.

Nazikumbuka zile mbavu za rangi ya majivu, na katikati moyo, mweupe, umeegemea upande mmoja kama mtu aliyesinzia. Ulikuwa unasema, "Tazama tu. Usiseme." Siku moja nikakuuliza mbona wewe uliyezipiga huwaambii wagonjwa kitu. Ukacheka. "Mimi ni mpiga picha, mwanangu. Mpiga picha wa harusi hasemi kama ndoa itadumu."

Ukanisimulia uliyoyasikia kwa yule daktari wenu kijana: kwamba huko nje kuna mashine inayoupiga moyo picha vipande vyembamba, kama mkate, na daktari kamili, mwenye shahada yake, haachwi azisome peke yake mpaka awe amesoma nyingi huku mwalimu wake amesimama begani. Hata akihitimu, anarudi kupimwa tena. Usiku ule niliota vipande vya moyo wangu vinapita dirishani kama majani, na watu wazima wamepanga foleni wanajifunza kuvitazama.

Shangazi, kuna neno nimelificha tangu kidato cha pili.

Ilikuwa Jumamosi, umekwenda sokoni. Mama Asha wa Unyambwa alikuja na bahasha yake. Alikuwa ametoka kuugua mapafu, na hospitali walimwambia arudi Alhamisi daktari amsomee picha. Hakutaka kungoja. Aliketi kwenye kigoda, kanga begani, akanibembeleza. "Wewe si unakaa na hizi picha humu ndani? Niambie tu, mwanangu. Sitasema kwa mtu."

Unajua mimi huwa sijibu hata mwalimu akiniita jina. Lakini siku ile kulikuwa na mtu mzima ananingoja mimi. Niliinua picha dirishani. Moyo ulikuwa umetanda, mpana kuliko yote uliyonionyesha. Nikasema, "Moyo wako ni mkubwa."

Hakurudi hospitali Alhamisi. Aliona ameshasomewa. Aliacha jembe asiuchoshe moyo, mvua ikapita bila yeye kupanda hata mstari mmoja wa alizeti. Akamtoa Asha shuleni aje ashike nyumba. Asha alikuwa anakaa dawati la mbele yangu. Nilitazama nafasi yake muhula mzima.

Ni daktari yule yule kijana aliyekuja kuiona ile picha, miezi baadaye, Mama Asha aliporudi hospitali. Moyo ulikuwa mzima. Siku ya kupigwa picha Mama Asha alikuwa hoi, hawezi kusimama, ukampiga picha akiwa amelala, mashine ikimtazama kifuani. Na ukipiga hivyo moyo hutoka mkubwa kuliko ulivyo. Ulikuwa umeandika kwa kalamu pembeni: amelala. Sikutazama pembeni. Hata ningetazama, nisingejua maana yake.

Mganga mkuu alipokuuliza nani aliyemsomea, mama yangu ananiambia ulijibu, "Limesemwa nyumbani kwangu. Andikeni jina langu." Ukapewa barua ya onyo. Jioni ile ulinipikia uji, ukaniuliza kama nimemaliza hesabu zangu. Nadhani ulijua. Ni mimi, Shangazi.

Sasa uko Dar es Salaam unasoma, na mimi nimemaliza shule. Siku hizi zahanati za binafsi zinafunguliwa kila mtaa, na hii ya karibu yetu imeleta mashine ya eksirei. Mwenye zahanati alinifuata nyumbani. "Wewe umelelewa kwenye picha. Daktari wangu anakuja Alhamisi tu. Siku nyingine utawasomea wagonjwa wewe."

Nilimwambia naweza kuandika majina, na kama mgonjwa alisimama au alilala. Kusoma sitasoma.

"Binti, wateja hawangoji Alhamisi," akasema, huku anacheka. "Nani atajua?"

Mama alinikanyaga mguu chini ya meza. Amekwisha kuwaambia majirani kwamba nimepata kazi. Nilipewa mpaka Jumatatu nijibu.

Jana nilikwenda Unyambwa kwa miguu. Mama Asha alikuwa anaanika vitunguu. Nilimwambia kwamba mimi sikuwa nimefundishwa, na kwamba nilipaswa kumwambia sijui. Aliendelea kuvitandaza, kimoja kimoja. Mwishowe akasema, "Asha kaolewa Iguguno. Ana mtoto." Hakunitukana. Alinipa maji ya kunywa, nikashindwa kuyamaliza.

Nilirudi nikitembea kama niko ndani ya maji, sauti za watu zikitoka mbali. Jumatatu nitamjibu yule bwana hapana, na mama atakasirika, na mimi sina kazi nyingine. Nakuomba unitafutie huko chuo kinachopokea waliomaliza kidato cha nne, hata kama nitaanzia kusafisha mashine. Ila pawe na mwalimu atakayesimama begani kwangu na kuniambia bado, na aniambie bado mara nyingi kadiri atakavyoona.

Na ukija likizo, twende wote Iguguno. Peke yangu sitaweza kumtazama Asha.

Mtoto wa kaka yako,
Rehema