Mgomba wa Mama Léonie Juu ya Lori

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha polisi, kusini-magharibi mwa Sydney
Ijumaa, 13 Machi 2026

Jina: Gitau Wainaina
Umri: miaka 54
Kazi: mhudumu katika makao ya wazee
Makazi: Mtaa wa Wattle, nyumba inayopakana na ya Mama Léonie Nsimire

Natoa maelezo haya kwa hiari yangu, kwa Kiswahili, mbele ya Konstebo Jepchumba, ambaye ameniomba nisimulie kilichotokea bila kutia chumvi. Nitajaribu.

Mama Léonie ni jirani yangu kwa miaka saba sasa. Ni Mkongo wa Bukavu, mjane, anaishi peke yake. Mimi ni Mkenya, naye huniita Papa Wainaina, yaani Baba, ingawa ananizidi miaka kumi na mitano. Husema ni kwa heshima ya tumbo langu.

Mtaa wetu uko karibu na kambi ya jeshi. Dawa ya povu ya kuzimia moto iliyotumika kambini iliingia ardhini, ndiyo maana serikali ya jimbo ikatuletea msaada: maji ya kunywa, vipimo, na udongo mpya wa bustani bila malipo. Tuliambiwa tusile tulichopanda. Mama Léonie aliukubali udongo mpya mwenyewe, tena kwa furaha. Alidhani utamwagwa juu ya ule wa zamani, kama alivyozoea kwao. Hakujua kwamba wa zamani huchimbwa na kuondolewa.

Mnamo Alhamisi tarehe 12 Machi, asubuhi, alikwenda St Marys kununua sombe, yaani kisamvu, iliyogandishwa, kwa kuwa lengalenga zake, mchicha wa bustanini, zimekatazwa. Mimi nilikuwa nimetoka zamu, nimelala. Mnamo saa kumi alasiri nikasikia sauti yake. Nilitoka na kandambili mguu mmoja.

Lori lilikuwa mbele ya nyumba yake, limejaa udongo, na mgomba wake umelazwa juu. Mama Léonie alikuwa ameketi ndani ya lori, kando ya mgomba, na kitenge chake cha kutokea, mfuko wa sombe mapajani. Sijui alipandaje. Mimi nilijaribu mara mbili, nikaishia kwenye tairi.

Nikamwambia, "Mama, shuka, utaanguka."

Akasema, "Papa Wainaina, anguka weye kwanza, uko na mto ya kukupokea. Miye siko nashuka. Kitovu ya Fidèle iko humu."

Fidèle ni mjukuu wake. Alizaliwa hapa, na kitovu chake kilipokatika, Mama Léonie alikizika chini ya mgomba ule ili mtoto ajue nyumbani ni wapi. Sasa ana miaka sita na tangu mwaka juzi yuko Perth na mama yake, Cécile. Jioni bibi humpigia simu. Yeye husema Kiswahili, mtoto hujibu Kiingereza. Kisha bibi hutoka nje kuumwagilia mgomba, na mara nyingine huuambia mgomba yale aliyosahau kumwambia mtoto. Nayasikia kwa sababu ua wetu ni mfupi, si kwamba nasikiliza.

Dereva, Bwana Douglas, aliniuliza mama anataka nini. Nilipomweleza, alizima injini. Afisa wa mpango wa udongo aliyekuwepo akasema udongo ule una sumu, hauwezi kurudishwa hata konzi moja, akawapigia ninyi simu. Sina ugomvi naye. Alisema kweli.

Nimeulizwa kama Mama Léonie alimrushia Douglas udongo. Hapana. Aliuchota kwa mikono miwili akawa anaupekua, anatafuta, ukadondoka kati ya vidole, na Douglas alikuwa amesimama chini. Alikung'uta kofia yake tu.

Mimi ndiye niliyesema, na nikasema upuuzi. "Mama, miaka sita! Kitovu kimeshakuwa udongo."

Akaniangalia. "Sasa si ndiyo huu udongo? Na yako iko wapi?"

Changu kilizikwa Kinangop, kwenye shamba la babu yangu. Shamba liliuzwa, siku hizi pana kituo cha petroli. Kila nikienda nyumbani husimama pale, hata tangi likiwa limejaa. Nilimweleza hivyo. Akauliza, "Huu munaupeleka wapi?"

Nilimtafsiria Douglas. Alisema kuna mahali nje ya mji, hufukiwa huko, na pamezungushiwa ua.

"Mutu anaweza kuingia?"

Haruhusiwi mtu. Lakini ukiwa barabarani panaonekana, Douglas alisema, kuna kilima kidogo cha majani. Alichana kipande cha kadibodi, akaandika jina la barabara na kuchora geti.

Mama Léonie alinitaka nimsomee kile kipande mara mbili. Kisha akanipa mfuko wa sombe niushike, akashuka mwenyewe. Ninyi mlifika baadaye. Hakuna aliyesukumwa, wala aliyeumia isipokuwa goti langu.

Lori lilipoondoka alilipungia mkono mpaka likakata kona. Halafu akaniuliza kama ndege za kutoka Perth hupita juu ya huko. Nilisema hupita. Kusema kweli sijui.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasikia. Nimesomewa, nimeyakubali. Kile kipande cha kadibodi mlikichukua kama kielelezo. Naomba mkimaliza nacho Mama Léonie arudishiwe. Fidèle anakuja likizo ya Julai, na bibi anasema atampeleka akapaone.

Sahihi: G. Wainaina

Maelezo ya afisa: Shahidi ameyatoa haya kwa Kiswahili, nami nimemsomea kabla hajatia sahihi. Dereva ameeleza kwamba hana malalamiko. Kadibodi nimeipiga picha kwa ajili ya jalada. Yenyewe nimemkabidhi shahidi leo hii, ampelekee Mama Léonie.

Konstebo Jepchumba