Dravo Achana Mistari kwenye Mazishi ya Lamont

Shosti, ndiyo tumetoka kumzika Lamont, na bado siamini alichokifanya yule rapa, King Dravo, kanisani.

Alikuja amechelewa, miwani myeusi usoni, walinzi wawili nyuma. Akapewa dakika mbili za kumkumbuka marehemu, kama kila mtu. Basi akaanza: albamu zake, tuzo zake, alivyotoka Bronx akaiteka Ulaya. Lamont? Hata jina hakumtaja!

Unajua kanisani kwetu ukizidisha muda, mpiga kinanda anaanza kupiga taratibu ili ukakae. Bibi Odell akapiga. Dravo akatikisa kichwa kufuata mdundo, akadhani anapewa biti ya kurapia.

Akachana mistari, akarap!

Nasema akachana, shosti, na jeneza liko mbele yake! Bibi Odell anabonyeza kwa hasira, yeye ndiyo anazidi kupanda mzuka. "Mikono juu, kanisa!"

Mama Earline, mama wa marehemu, alikuwa ameketi kiti cha mbele tangu asubuhi. Alikuwa anangoja kitu kimoja tu: Dravo aseme mbele za watu kwamba mwanawe ndiye aliyemtengenezea biti zote za mwanzo. Akainuka. Kinanda kikanyamaza.

"Davion," akamwita Dravo kwa jina lake la kuzaliwa, "biti zako za kwanza alitengeneza nani?"

"Mungu, mama."

"Mungu hakukesha sebuleni kwangu na mashine ya biti."

Kanisa zima: "Sema, mama!"

Dravo akavua miwani. "Lamont," akanong'ona.

Mama akamsogezea kipaza sauti mdomoni. "Tena. Huko nyuma hawajasikia."