Nyundo na Msumari kwa Mikono Yangu

Jumatatu, 5 Agosti

Mratibu wa tamasha la kiangazi amenipigia nikiwa kliniki, katikati ya kumtafsiria mama mmoja kiziwi habari za presha yake. Nikamwambia nitampigia baadaye. Baadaye yenyewe ilikuwa ngazini, dakika tano tu. Wanataka mkalimani wa lugha ya alama kwa kundi la Nyundo na Msumari. Jumamosi tarehe 24, jukwaa kubwa, saa kumi na moja jioni. Viziwi kumi na wanne wamekata tiketi na wameandika barua: mwaka jana walikaa saa nne wakitazama migongo ya watu.

Nimetafsiri talaka, mitihani ya udereva, hata ugomvi wa mtu na fundi wa friji. Rap – sijawahi. Hao wawili siwatofautishi, yupi nyundo, yupi msumari. Nimekubali. Maji nimeshayavulia nguo.

Sababu ya kweli ni Dada. Dada yangu mkubwa alizaliwa hasikii, na karakana yake ya makochi imejaa picha za hawa watu ukuta mzima. Miaka mitatu naziona. Sijawahi kumuuliza anawapendea nini. Mtu na dada yake!

Jumatano, 7 Agosti

Nimesikiliza albamu zote mbili huku napiga pasi. Sijashika kitu. Mmoja anakwenda kama mvua ya mawe juu ya bati. Mwingine anasema neno, ananyamaza, anasema neno.

Nikashuka kwa kinyozi wa hapa chini, nikauliza tu: hawa mnawaonaje? Nimechokoza nyuki.

Kinyozi aliacha mashine hewani. Alikuwa mshabiki wao, anasema, tangu wanarekodia chumbani, godoro limeegemezwa ukutani kuzuia mwangwi. Siku hizi wamelainika. Wanaimba mapenzi, wanaimba viatu. Mteja wake, nusu ya kichwa kimeshanyolewa, akauliza kama mtu hana ruhusa ya kukua – au waimbe njaa mpaka wazeeke? Aliyekuwa kwenye benchi akasema tatizo si wao, ni haya matamasha: uwanjani huwasikii wasanii, unamsikia aliyesimama ubavuni kwako. Kinyozi akasema kwa nyimbo za sasa, afadhali hivyo. Wakabishana mpaka mwenye nusu kichwa akaomba amaliziwe, ana kikao.

Kila mmoja anawajua watu hawa kama ndugu zake. Na kila mmoja anajua watu tofauti.

Alhamisi, 8 Agosti

Nimemuuliza Dada, hatimaye.

Alikuwa anapigilia kitambaa kwenye kochi, misumari mdomoni. Akaitema mkononi. Hakujibu kwa alama – alichukua kiganja changu akakibandika kwenye fremu ya mbao, akawasha spika aliyoifunga chini yake. Dum. Kimya. Dum-dum. Huyo ni Nyundo, akaniashiria. Kisha mtetemo mdogo, wa haraka, kama paka akiwa na raha. Msumari.

Maneno anayasoma kwenye simu, mashabiki huyaandika. Nyuso anazitazama kwenye video. "Vipande vitatu, naviunga mwenyewe," alisema. "Wewe unapewa vyote kwa pamoja, ndiyo maana husikilizi."

Nimerudi nyumbani na kiganja kinawasha.

Jumapili, 11 Agosti

Mratibu amenitumia mashairi yote. Mume wangu amehamia chumbani na gazeti lake, meza yote ya kulia ni karatasi.

Nimekwama kwenye mstari mmoja siku nzima. "Nilikaa juu ya kaa, kaa akanibana, nikakaa kimya." Kwa sikio ni mchezo mzuri: kuketi, kaa la moto, kaa mwenye magando, kukaa kimya. Kwa mikono ni vitu vinne visivyojuana. Utani umekufa.

Nikampelekea Dada. Alifikiri muda wa kumaliza chai. Kisha mkono wake ukaketi, vidole vikawaka moto, moto ukajifunga ukawa gando, gando likapanda likaubana mdomo. Mkono mmoja, bila kuuangusha. Nikacheka mpaka mteja aliyekuja kuulizia sponji akadhani anachekwa yeye.

Msumari ndiye aliyeandika huo. Nimeanza kumwonea shauku huyu mtu. Anawezaje kuwa na kasi vile na bado akatulia na neno moja kiasi hicho?

Jumatano, 14 Agosti

Kuna wimbo mpya, umetoka Ijumaa iliyopita. "Umechelewa". Ndio watakaofungia tamasha. Kinyozi anaupiga tangu asubuhi, amefurahi kama aliyerudishiwa kitu kilichoibwa. Wamerudi wenyewe, anasema, umeona, nilikuambia watarudi! Hakuniambia. Yule wa kwenye benchi, yeye, anasema ni kelele tu.

Unamhusu mtu anayegundua mambo watu wote wameshayajua. Mzuri kweli. Nilikuwa natikisa kichwa jikoni. Kisha beti ya tatu, ya Msumari:

"Unacheka wenzako wamemaliza, kama kiziwi harusini."

Niliurudia mara sita, labda nimesikia vibaya. Nikaangalia karatasi. Umeandikwa.

Kwenye simu mashabiki hawajauandika bado. Dada hajui.

Alhamisi, 15 Agosti

Sijamwambia. Nilipita karakana, nikasema nina haraka. Akanitazama mikono, si uso.

Jumamosi, 17 Agosti

Siku nzito. Niandike yote.

Mazoezi yalikuwa karakana kwa Dada, makochi yamesukumwa ukutani. Walikuja tisa kati ya wale kumi na wanne, ukiacha Dada mwenyewe. Mkubwa wao ni mpiga picha wa harusi, wanamwita Kamera. Nilifanya wimbo baada ya wimbo. Wao wenyewe hawakubaliani: mwalimu wa shule ya viziwi anasema Nyundo ni mshairi na Msumari ni fujo, Kamera anasema bila Msumari yule Nyundo ni mtu anayesoma tangazo la msiba. Mstari wa kaa wakauomba mara tatu.

Kamera akauliza: na mpya? Nikasema haujaiva. Dada akainuka, akachukua karatasi zangu juu ya cherehani, akasoma. Akampa Kamera. Zikazunguka chumba kizima. Sijawahi kuona watu kumi wametuliza mikono yao kwa wakati mmoja.

Kamera alisema niuruke. Nipige kiitikio tu, tumekuja kufurahi, hatukuja kutukanwa. Mwalimu akasema niubadilishe, niweke "kama mlevi harusini", wenye kusikia hawatajua. Wakaanza kuvutana, na mimi nikaona nimepona – upande wowote utakaoshinda, sitausema.

Dada akapiga mguu sakafuni. Wote wakageuka.

"Utausema," aliniambia. "Kama ulivyo. Watu elfu kadhaa watakuwa wananitaja, halafu mimi peke yangu nisijue? Nikitajwa nataka kujua nimetajwa."

Nikamwambia ni tusi, Dada. Sitaki litoke mkononi mwangu.

"Ni kweli," alisema. "Ndivyo ninavyocheka harusini. Kwenye harusi yako, nani alinitafsiria?"

Miaka kumi na moja imepita na sikuwahi kufikiri. Mkalimani wake nilikuwa mimi, na mimi nilikuwa bibi harusi. Ninazo picha: Dada meza ya mbele, anacheka meno yote nje, na wengine wote wameshafunga midomo. Nilizipenda zile picha. Nilikuwa nasema, mwone Dada alivyofurahi.

Hakukasirika. Alinimiminia chai.

Jumanne, 20 Agosti

Nimekutana nao. Ukumbi wa mazoezi, viti vya plastiki, nyaya kila mahali. Nyundo ni mpole, ana miwani, alikuwa anakunywa maji ya moto na tangawizi. Msumari ni mfupi kuliko kwenye picha, haketi. Niliwaeleza ninavyofanya kazi. Nikawaonyesha kaa. Msumari akauomba tena, akajaribu, gando lake likawa kama uma. Tukacheka.

Basi nikauliza. Beti ya tatu – kiziwi harusini. Uliutoa wapi?

Nyundo alisema haraka kwamba ni mfano tu, dada, hakuna ubaya, ni lugha. Msumari alifunga kamba ya kiatu iliyokuwa imefungwa tayari. Kisha akasema alikuwa na mjomba. Kila sherehe mjomba alicheka mwisho, na watoto walikuwa wanamsubiri acheke ili wamcheke.

"Na wewe?" nikauliza.

"Mimi ndiye niliyekuwa nahesabu. Moja, mbili, tatu – haya, huyo."

Akauliza kama viziwi watakaokuja wameuona. Nikasema wameuona. Wamesemaje? Nikamwambia hawajakubaliana, kama mashabiki wengine wote. Akatabasamu kidogo. Nyundo akasema mstari hauwezi kubadilishwa sasa, watu wameshaukariri, uwanja mzima utauimba hata wao wakinyamaza. Ni kweli pia.

Nikiwa mlangoni Msumari akanifuata. Watasimama wapi? Nikamwambia: mbele kushoto, wamejengewa jukwaa dogo la mbao ili waipate besi kwa miguu. Hakuwa na habari hiyo. "Yaani nitawaona?" alisema. Nikasema watamwona pia.

Ijumaa, 23 Agosti

Muuguzi mmoja wa pale kliniki haji tamashani. Anawapenda hawa kuliko wote ninaowajua, na haji. Rap, anasema, ni ya chumba kidogo, mtu akikuimbia umwone jasho. Uwanjani ni vumbi na foleni ya choo. Nikamuuliza: na kama chumba kidogo hakina nafasi yako? Akasema hilo hakuwahi kujiuliza.

Nimekata kucha. Nguo nyeusi nimeshapiga pasi.

Jumamosi, 24 Agosti

Naandika nimekaa juu ya sanduku la spika, pembeni mwa jukwaa. Umeme umekatika. Jenereta imekohoa mara mbili ikazima, nyimbo saba zimeshaimbwa, umebaki "Umechelewa". Fundi umeme amelala kifudifudi, nusu ya mwili wake imo ndani ya boksi. Mratibu anasema dakika kumi. Hii ni ya ishirini.

Mpaka hapo imekwenda vizuri kuliko nilivyoota. Mikono imechoka, mwandiko huu ushahidi. Kwenye kaa, jukwaa la mbao lote liliruka, na wenye kusikia waliokuwa karibu wakageuka kuangalia viziwi wanashangilia nini. Kinyozi nimemwona! Safu ya tano. Mtu aliyesema wamelainika, shati limemlowa.

Sasa uwanja unanung'unika. Bila spika kila mtu amebaki na wa karibu yake. Wengine wanazomea, wengine wanaimba wenyewe, kila upande na beti yake. Wale kumi na wanne tu ndio hawajapungukiwa na kitu. Wanapiga soga toka mwisho mmoja wa jukwaa lao hadi mwingine.

Na Msumari ameshuka.

Hakuniita. Ameruka kizuizi, amekwenda moja kwa moja kwenye mbao, amesimama mbele ya Dada. Nikainuka niende – ni kazi yangu – nikaketi tena. Ametoa simu, anaandika, anampa. Dada anasoma. Dada amenipa mgongo, mikono yake siioni. Yeye anaandika, anamrudishia. Wengine wamewazunguka, Kamera anachungulia juu ya bega.

Muda mrefu. Fundi anaomba tochi.

Msumari ameweka simu mfukoni. Anajaribu kitu kwa mikono, Dada anamshika kidole, anakisogeza. Tena. Mwalimu anatikisa kichwa kukataa. Kamera anabisha. Msumari anarudia mara ya tatu, na wote wanacheka, hata mwalimu, na Dada zaidi ya wote. Sijui ni nini. Nimeinuka juu ya sanduku na bado sioni.

Jenereta imewaka. Makelele ya watu, masikio yameziba. Nyundo anajaribu kipaza sauti. Msumari anapanda ngazi, vumbi hadi magotini. Nimemwuliza anapopita: beti ya tatu – nitegemee nini?

"Ukisikia utajua," amesema.

Sijawahi kupanda mahali bila kujua nitasema nini. Ngoma imeanza. Dada ameninyooshea mkono kule chini, anauliza kama niko tayari, na mimi naweka kalamu nipande.