Kilele cha Wali Kapewa Rendra

Ningsih, uliangalia sahani yako. Nilikuona.

Mama Hartini kakata kilele cha mlima wa wali wa njano, fungu la heshima, kampa Rendra. Eti mwezi mzima kipimo chake cha asidi kwenye tangi la farasi-bahari kinasoma 8.2 bila kuyumba. Miezi minne tu kazini, kapewa kilele! Mimi miaka tisa navisafisha vipimo vile, sijawahi.

Nikamwambia, "Bosi, kwenye maji ya chumvi namba hupanda mchana na kushuka usiku. Kipimo kisichoyumba kimekufa."

Akacheka. "Kaka Darmo, huo wivu. Kula wali."

Kula wali. Mbele ya wote, na wewe hukunitetea, kama mwaka ule nilipoonya na matumbawe yakafa. Sijasahau.

Ndiyo, wivu ninao. Lakini nimekitoa kipimo chake, nikakitia kwenye maji ya chupa ya kurekebishia, ambayo ni saba kamili. Kikasoma 8.2.

Changu cha mkononi kinasema tangi liko 7.6, asidi imezidi. Farasi-bahari wawili wamelala chini.

Vipimo vipya viko stoo na ufunguo unao wewe. Weka kijiko chini, uje ufungue sasa hivi.